Mkimkasirisha Bibi, Mayai Yataiva

Asubuhi ile Tekla alikuwa nyuma ya nyumba, amechuchumaa kwenye matope, ameushika mdomo wa jogoo. Wala si mchezo. Alikuwa ametumwa na mama yake, na mama yake alikuwa ametumwa na baba yake, na baba yake hakutumwa na mtu ila alikuwa anamwogopa bibi. Maana jogoo akiwika, bibi anashtuka. Bibi akishtuka, moyo unamwenda mbio. Moyo ukienda mbio, kifua kinapata joto. Na kifua kikipata joto, mayai yanaiva.

Bibi alikuwa anaatamia.

Ndiyo, anaatamia, kama kuku. Kila mwaka majani ya mforsadi, ambayo ndiyo chakula cha viwavi wa hariri, yakifika ukubwa wa sikio la panya, Bibi Nazibrola huenda ushirika, anapewa mayai yake ya nondo wa hariri, madogo meusi kama mbegu za mchicha. Anayafunga kwenye kifuko cha kitambaa, anakitia kifuani chini ya nguo tatu, na kuanzia hapo anakuwa si bibi tena. Anakuwa serikali.

Vitunguu saumu vyote vilihamishwa stoo, kwa sababu ya harufu. Baba, Jumberi, alihamishiwa chini ya mti na sigara zake. Televisheni ikaruhusiwa hali ya hewa tu, kwani wabunge walimpandisha bibi joto vibaya sana mwaka wa juzi. Na hata hiyo hali ya hewa mama alitangulia kuisikiliza peke yake redioni, ili kama kuna mvua ya mawe bibi aambiwe polepole.

"Mimi sijasema mnyamaze," bibi alikuwa anasema, ameegemea mito minne, mkono kifuani. "Semeni tu. Gombaneni. Nimesema tu kwamba nikikasirika, mayai yataiva. Mkitaka yaive, haya, ni yenu."

Nani angetaka yaive? Kijiji kizima cha huko karibu na mji wa Samtredia kilijua kwamba hariri ya kwa Nazibrola haina mfano. Hata jirani yao Jemali alijua. Jemali alikuwa amesogeza uzio wake miaka mitatu iliyopita, ukameza mti wao wa plamu, wala si mti mdogo, na baba aliutafutia mawakili wawili wa mjini Kutaisi wakashindwa. Sasa juzi bibi alitembea mpaka kwenye uzio, pole pole, akasimama. "Jemali, baba," akasema, "sijui ni umri au ni nini, nikiutazama mti wangu joto linapanda." Kufika mchana uzio ulikuwa umerudi ulikotoka, na Jemali mwenyewe ndiye aliyekuwa anagonga misumari, tena anaigonga kwa nyundo iliyofungwa matambara isimshtue mtu.

Basi Tekla akiwa pale na jogoo wake, simu ikatetemeka mfukoni. Akaitoa kwa mkono mmoja. Ujumbe wa shangazi.

"Tekla wangu, watoto wa huyu bibi kizee ninayemtunza wanataka nisaini miaka miwili mingine. Jumamosi jioni wanataka jibu. Mama yangu amesema neno lolote juu yangu? Lolote. Neno moja tu, narudi nyumbani."

Tekla akasahau kwamba ameshika jogoo.

"Kokoriko!"

"Nani kamwachia huyo shetani?" sauti ya bibi ikatoka dirishani.

"Mama, tulia! Pumua! Pumua kwa pua!" hiyo ilikuwa sauti ya mama.

Sasa hadithi ya shangazi Tsitsino ni fupi na ya aibu. Alikwenda Italia, mji wa Bari, kutunza wazee wa watu: kuwaosha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Mwaka wake wa kwanza, siku ya kuzaliwa ya mama yake, akatuma skafu ya buluu iliyofungwa vizuri na utepe. Hariri, aliambiwa sokoni. Mtu mwingine angejitanda akaenda nayo kanisani. Lakini Nazibrola amelea viwavi tangu akiwa hajaota meno ya pili. Akawasha kiberiti, akachoma pembe moja, akanusa. Hariri ya kweli ikiungua inanuka nywele. Ile ilinuka ndoo.

"Plastiki," akasema.

Angeishia hapo isingekuwa neno. Lakini alipiga simu. "Ndiyo umeniona mjinga sasa, Tsitsino? Umeletea plastiki nyumba ya hariri? Kama mama yako ni wa plastiki, kaa hukohuko." Na shangazi, aliyekuwa ametoka kufua mashuka ya mgonjwa, akakata simu. Akangoja mama yake apige tena aombe radhi. Mama yake akangoja yeye apige aombe radhi. Mmoja akiwa jiwe, mwingine mwamba. Skafu, bibi alitangaza, aliitia jikoni kwenye moto, na jina la Tsitsino halikutajwa tena, hasa wakati wa mayai, ambao ndio wakati watu wanakaa pamoja ndani ya nyumba.

Tekla alimpenda shangazi yake kuliko alivyojua kusema. Na Tekla kusema hakujua kabisa. Shuleni mwalimu alikuwa anamwandika hayupo huku anamtazama. Sentensi zake alikuwa anazitengeneza vizuri kichwani, anazipiga pasi, lakini zikifika kooni zinajikunja. Ni shangazi tu aliyekuwa anamsuka nywele na kungoja, anasuka na kungoja, mpaka sentensi itoke yenyewe.

Akamfuata mama yake, Lamara, jikoni.

"Mama, shangazi anataka kurudi."

Mama akafunga mlango, akafunga dirisha, akafungulia na maji ya bomba yatoe kelele. "Punguza sauti! Unataka kutuua?"

"Anataka neno moja tu kutoka kwa bibi. Kabla ya Jumamosi."

"Wakishaanguliwa, mwanangu. Wakianguliwa tu, mimi mwenyewe nitamwambia."

"Jumamosi, mama."

"Viwavi hawajui Jumamosi."

Akamfuata baba chini ya mti.

"Wakianguliwa?" Baba akacheka, akapuliza moshi upande usio na nyumba. "Nani kakudanganya? Wakianguliwa wanakuwa wachanga, ukipiga chafya tu wanaacha kula. Ngoja walale usingizi wa kwanza, ule wa kujivua ngozi."

"Halafu?"

"Halafu kuna wa pili."

"Halafu?"

"Wa tatu na wa nne. Halafu wanakula usiku na mchana, hapo hakuna wa kuongea, ni majani tu, mpaka mgongo unakatika. Halafu wanapanda kusuka vifuko, na wakati wa kusuka hata mlango haufungwi kwa nguvu. Tukishauza vifuko, tutakaa chini tuzungumze kama watu."

"Mwaka jana ulisema hivyohivyo, baba."

"Mwaka jana vifuko havikuwa vizuri," akasema baba, na akaonekana ameridhika kabisa na jibu hilo.

Ndipo Tekla alipoelewa kitu ambacho hakikumfurahisha. Si bibi peke yake aliyekuwa anajificha nyuma ya mayai. Nyumba nzima ilikuwa imejipanga nyuma ya kile kifuko cha bibi, kama watu wanaopiga picha. Ila hata wewe ungemwambia nani?

Ijumaa alijaribu kwa bibi mwenyewe. Alimpelekea chai, vuguvugu, akiwa ameipima kwa kiwiko kama maji ya mtoto.

"Bibi."

"Naam."

"Ile... ule mji wa Bari..."

Bibi akaweka mkono kifuani.

"...una bahari," Tekla akamalizia.

"Ipo miji mingi yenye bahari," bibi akasema. "Leta sukari."

Jumamosi akaja Avtandil, mwenyekiti wa ushirika, kukagua mayai. Kwa kuwa mgeni ni mgeni, meza ikaandaliwa: mikate ya jibini, maharagwe, mkate wa mahindi, divai ya baba kwenye jagi kubwa. Na yule jogoo, ambaye wiki nzima alikuwa anashikwa mdomo, sasa alikuwa ametulia kuliko wote, katikati ya meza, ndani ya mchuzi usio na kitunguu saumu kwa heshima ya mayai.

Avtandil alikuwa mtu mnene mwenye maneno mengi na kipimajoto kwenye mfuko wa shati. Mwaka ule aliletewa mashine ya kuangulia mayai, yenye taa za kijani. Aliizindua kwa hotuba. Umeme ukakatika kabla ya hotuba kwisha, na mayai yote aliyotia mle yakafa.

"Lakini ukiondoa umeme, mama," alimwambia bibi, akimega mkate, "mashine ni bora. Mashine haina hasira."

"Ndiyo maana haina joto," bibi akamjibu, na mkono kifuani.

Wakamchagua Avtandil mkuu wa meza, yule anayeongoza kuinua glasi, maana hata wasingemchagua angekuwa tu. Akainua glasi kwa ajili ya amani. Akainua kwa ajili ya nchi. Akawainulia marehemu, akawataja mmoja mmoja mpaka mchuzi ukapoa. Akayainulia mayai, na hapo alisimama, akasema kwamba mayai haya ni taifa dogo linalolala kwenye kifua cha mama, baba akafuta jicho, bibi akasema, "Kaa chini, utamwaga divai."

Kisha Avtandil akajaza tena glasi. "Na sasa," akasema, "walio mbali."

Mama akaangusha kijiko.

Pale kwao hakuna nyumba isiyo na mtu aliye mbali. Kama si Italia ni Ugiriki, kama si Ugiriki ni Poland. Glasi ya walio mbali hairukwi. Ukiiruka ni kama umewazika.

"Avto," baba akasema haraka, "tuanze kwanza na reli. Hatujainywea reli."

"Reli tuliinywea Krismasi."

"Basi daraja."

"Jumberi, umekuwaje? Walio mbali, ndugu yangu! Na leo nataka tumsikie mtoto. Huyu binti sijawahi kusikia sauti yake tangu abatizwe. Simama, binti. Sema kwa ajili ya nani."

Tekla akasimama. Nje jua lilikuwa linaanza kushuka upande wa kwa Jemali, na Jumamosi ilikuwa inashuka nayo. Akaitafuta sentensi aliyoipiga pasi wiki nzima. Haikuwepo. Ikabidi aseme bila sentensi.

"Kwa shangazi. Tsitsino. Leo jioni anasaini. Miaka miwili tena. Anangoja neno moja la bibi. Moja tu."

Hakuna aliyemtazama bibi usoni. Wote walimtazama kifuani. Wekundu ukatokea chini ya kola yake, ukapanda shingoni taratibu, kama divai inavyopanda kwenye kitambaa cha meza.

"Mama, pumua!" mama akaruka, akashika sahani ya maharagwe, akaanza kumpepea nayo bila kuyamwaga kwanza.

"Kitoe! Kitoe kifuko, mama!" baba akapiga kelele.

"Nani atakitoa? Wewe?" bibi akasema. "Njoo. Tia mkono. Jaribu."

Baba akaangalia mikono yake, akaiweka nyuma.

"Nipime tu, mama," Avtandil akasema, kipimajoto mkononi, "kwa niaba ya ushirika..."

"Kapime yaliyokufa kwenye mashine yako! Wewe Lamara, acha kunimwagia maharagwe! Mnanitazama nini, kuku? Nimeshakuwa kuku humu ndani? Wiki nzima mnanong'ona kama nyumba ya msiba. Hakuna mtu wa kuniambia. Miaka miwili! Miaka miwili mingine anamwosha mama wa watu, na hapa watu wananipimia chai kwa kiwiko!"

"Ulitukataza, mama," baba akasema kwa sauti ya mtoto.

"Nilikataza! Na ule mti wa plamu, nani alikukataza usiurudishe? Ndevu zote hizo, na anayesema ni huyu..." Hapo akamwonyesha Tekla kidole, na kidole kikabaki hewani. Uso ukabadilika. Akawa kama mtu anayesikiliza kitu kwenye chumba kingine.

"Wanatembea," akasema.

"Nani?"

"Wananitekenya. Wanatembea. Avtandil, geuka ukutani."

Avtandil akageuka ukutani, glasi mkononi, akabaki anaitazama kalenda. Bibi akafungua vifungo, nguo ya kwanza, ya pili, ya tatu, akatoa kifuko, akakiweka mezani kati ya mikate. Akakifungua mafundo kwa kucha. Nje kilikuwa kitambaa cheupe cha pamba, kile ambacho wote walikijua. Lakini ndani ya pamba kulikuwa na kitambaa kingine, na juu yake, kwenye mayai yaliyopauka, viwavi walikuwa wanatoka, weusi, wembamba kama kope za mtoto, mamia, kila mmoja anainua kichwa na kutafuta.

Kitambaa cha ndani kilikuwa cha buluu. Kilikunjwa vizuri. Na pembe yake moja ilikuwa imeungua.

Mama alifungua mdomo. Baba akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Plastiki haishiki jasho," bibi akasema, bila mtu kumwuliza. "Ni ya kazi tu. Kitu cha bure, nikitupe?"

"Naweza kugeuka?" Avtandil akauliza ukuta. "Nina glasi ya kuwainulia waliozaliwa..."

"Punguza sauti, Avtandil, kuna watoto wachanga. Weka glasi chini, nenda ukachume majani. Ya juu, laini. Jumberi, mwonyeshe. Lamara, kisu kikali, wanakatiwa membamba kama tumbaku. Haya! Mnangoja umeme?"

Wakatoka mbio, na mwenyekiti wa ushirika akatoka nao, kipimajoto kikamwanguka mlangoni na hakuna aliyekiokota. Tekla naye alikuwa anatoka, lakini bibi akamshika mkono wa sweta.

"Hiyo simu yako inapiga picha?"

"Inapiga."

"Piga."

Tekla akapiga. Viwavi, na buluu chini yao.

"Ngoja," bibi akasema. Akainyoosha ile pembe iliyoungua kwa kidole, taratibu asimponde kiwavi hata mmoja, akaivuta katikati mpaka ikaonekana yote. "Sasa piga. Hiyo ionekane."

Tekla akapiga tena.

"Mwandikie."

"Nimwandikie nini, bibi?"

Bibi akafikiri. Alifikiri kwa nguvu, taya zinasaga kama anatafuna kitu kigumu. "Andika hivi: majani mwaka huu ni mengi, mikono ni michache."

Tekla akaandika. Akangoja. "Basi?"

"Basi nini? Unataka nimwimbie?"

"Hataelewa, bibi."

"Ni mwanangu. Ataelewa." Kisha, baada ya kidogo, akiwa anatazama pembeni, "Weka na jina lake hapo mbele. Uandike Tsitsino. Asije akadhani ni ya mtu mwingine."

Tekla akaliweka jina mbele. Akatuma. Tiki moja, halafu ya pili. Jua lilikuwa limeshapita mti wa plamu.

Watu wakarudi na majani, yakakatwa, yakanyunyizwa, viwavi wakaanza kula. Wakiwa wadogo vile hata hausikii, unaona tu kijani kinapungua. Mama alipita kwa vidole vya miguu. Baba akasema polepole kwamba kuna usingizi wa kwanza unakuja na watu waanze kuwa waangalifu, na safari hii hakuna aliyemwitikia.

"Amejibu?" bibi akauliza.

"Bado."

"Huko kwao saa ngapi?"

"Wako nyuma yetu saa mbili, bibi."

"Ee. Kwao bado mchana." Ikampendeza. Akakata jani moja ambalo lilikuwa limeshakatwa. "Pengine anamlisha yule mzee. Wanakula polepole, wazee."

Tekla akaiegemeza simu dirishani, kioo kikitazama ndani, wote wawili waweze kuiona. Picha ilikuwa pale, na maneno chini yake, na chini ya maneno hapakuwa na kitu. Bibi akavuta kiti akakaa karibu. Mkono wake ukapanda kifuani kwa mazoea, haukukuta kitu, ukashuka. Akaujaribisha kwenye goti, akaujaribisha mezani, akaurudisha kwenye goti.

"Tazama tena," akasema.